Jina Lililofumuliwa

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, na amepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari yeye na mwenzake. Jumapili moja alikuja kwangu Makongeni akiwa na kazi aliyopewa na mhadhiri wake: akusanye maneno ya Kiswahili yanayohusu elimu ya juu na aeleze maana zake. Alikuwa ameshaandika kadhaa. Shahada. Stashahada. Uzamili. Mahafali. Joho. Akawa ananisomea moja moja nami nasahihisha, maana nimefundisha miaka mingi na sipendi mtu achanganye stashahada na shahada mbele yangu.

"Na elimu ya juu yenyewe, guka?" akauliza. "Niandike nini?"

"Andika: elimu inayotolewa baada ya sekondari."

"Basi, hiyo tu?"

Nikamwambia hiyo tu, aandike, na chai yake inapoa. Alinitazama kidogo, akaandika. Amezoea ukali wangu, kila mtu hapa nyumbani ameuzoea, lakini ukali wa siku ile haukumhusu yeye. Nimeona afadhali nieleze ulitoka wapi.

Mtu wa kwanza kunifundisha maneno ya aina hiyo hakujua kusoma. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja la Mhindi mjini Thika, naye alikuwa baba yangu mdogo, yaani mdogo wake baba. Baba mzazi alikuwa kibarua katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Tuliishi humo humo shambani, na shule ya shambani ilikomea darasa la pili. Baba aliona darasa la pili latosha. Mtu wa kuchuma kahawa, alisema, akishajua kusoma kibao cha barabarani anataka nini tena? Baba mdogo alikuwa na maoni mengine. Alikuwa amefiwa na mke, hakujaliwa mtoto, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko cha baba. Alikuja siku moja asubuhi, akabishana na kaka yake mpaka chai ya jioni, kisha akaniambia nichukue shuka yangu twende.

Kesho yake alinipeleka shule ya misheni. Mwalimu akafungua daftari la kuandikisha, akaniuliza jina, nikalitaja. Akamgeukia aliyenileta. "Jina la baba?" Baba mdogo akataja jina lake mwenyewe. Hakufikiri mara mbili, nami sikuona ajabu yoyote. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Ukisema, "Yule si baba yangu, ni ndugu ya baba," utachekwa au utapigwa kofi, inategemea nani amekusikia. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu, akaandika alivyoambiwa. Hivyo ndivyo nilivyopata jina la pili, na jina hilo likawa katika kila karatasi niliyopewa tangu siku hiyo.

Fundi wa barazani hukutana na watu wengi. Walimu walileta suruali zao kutiwa viraka, na kwa kuwa mwenye suruali moja hawezi kuondoka kabla haijamalizika, walikaa nyuma ya pazia wamejifunga shuka, na baba mdogo akawa anawahoji vizuri, maana hawana pa kukimbilia. Mtoto akimaliza darasa la nane anakwenda wapi? Na akimaliza huko? Na baada ya hapo? Ndivyo alivyojua kwamba kulikuwa na chuo huko Kampala, na kwamba huko mtu huvishwa joho jeusi akapewa digirii. Digirii ni kitu gani hasa, hakuna aliyeweza kumweleza. Nadhani hata wale walimu hawakuijua. Kilichomsumbua zaidi ni joho.

"Linakula yadi ngapi?" aliniuliza siku moja, na mimi ni mtoto wa darasa la nne. "Mikono yake ni mipana ama ya kubana? Wewe ukifika huko uangalie mshono wa begani. Uje unieleze."

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, shule iliagiza kila kitu cha mwanafunzi kiandikwe jina. Akanishonea begi, kwa kipande cha turubai la kijani kilichobaki katika kazi ya lori la mkonge. Nikachora majina kwa chaki ya fundi juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa, langu kisha lake, naye akapita juu ya chaki kwa uzi mwekundu. Hakujua herufi ipi ni ipi. Alifuata tu mistari yangu polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na kila herufi akaishona mara mbili ili isitoke. Alipomaliza akapitisha kidole juu ya kazi yake.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akapitisha kidole hapo tena, akacheka peke yake. Nikamwambia likizo nitamfundisha kusoma. Likizo zilikuja na kupita, na sikumfundisha hata herufi moja. Nilikuwa narudi na vitabu vyangu na majivuno yangu, naye hakunikumbusha.

Kisha ikaja Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, na wa umri wa mjukuu wangu wanaisoma kwenye vitabu, kwa hiyo nitasema la kwetu tu. Mtu wa kabila letu hakuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karatasi. Mtu alikuwa hapa asubuhi, jioni hayupo, na hukuuliza. Mimi nilikuwa kidato cha nne. Asubuhi moja lori la askari lilisimama karibu na soko la Thika, na kila mwanamume wa kwetu aliyekuwa barazani akaambiwa achuchumae, mikono kichwani. Mwenye duka alinisimulia baadaye kwamba walimwondoa baba mdogo huku mguu wa suruali aliokuwa akiushona bado uko chini ya sindano. Walisema ameshona makoti yenye mifuko mikubwa ya ndani, ya watu wa msituni. Kama aliyashona, sijui. Hakuwa fundi wa kumuuliza mteja mfuko ni wa nini.

Akapelekwa kizuizini, mbali, nyanda za joto. Mimi nikafanya mtihani. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili, na baada ya majibu ikaja barua: nafasi Kampala. Katika shamba lote lile la kahawa, na mashamba ya jirani, hakuna mtoto wa kibarua aliyewahi kupata kitu kama hicho. Mama aliikunja ile barua akaitia ndani ya nguo kifuani, hakutaka hata baba aishike. Lakini ili nivuke mpaka nilihitaji ruhusa, na ruhusa ilitolewa kwa mtu aliyechunguzwa akaonekana safi.

Tukaenda na baba kwenye kambi ya chifu. Ilikuwa nyumba ya mabati, imezungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha, na mahomgadi, askari wa chifu, wamesimama mlangoni na bunduki. Ndani walikuwa watu watatu mezani: Mzungu kijana, chifu, na karani. Mzungu akakisoma cheti changu, akaangalia orodha, akaangalia cheti tena.

"Hapa nasema baba yako ni huyu," akasema, akigonga jina kwa kalamu. "Na huyu iko kizuizini. Mtoto ya mtu kama hii hapana toka Kenya."

Baba akasogea mbele, kofia mkononi. "Bwana, huyu ni mtoto wangu. Nimemzaa mimi."

"Basi kwa nini karatasi nasema mtu ingine?"

"Ni ndugu yangu, bwana. Ni baba yake pia."

"Mtu iko na baba moja," Mzungu akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa akitueleza, kama anavyoelezwa mtu mgeni wa jambo.

Chifu alikuwa mtu wa kwetu, tena ametahiriwa mwaka mmoja na baba. Alimjua baba mdogo tangu utotoni, wamelisha mbuzi pamoja. Neno lake moja tu lingemfanya yule kijana aelewe. Aliinama akafuta vumbi kwenye kiatu chake. Alipoinuka alisema na baba kwa Kikuyu, taratibu, kwamba iko njia moja. Tuandike kuwa yule fundi si mtu wetu. Si baba wa kijana, si ndugu wa baba yake, si wa ukoo. Ni mtu tu wa mjini aliyemkaribisha kijana na kumbandika jina lake kwa hila. Hapo kijana atakwenda shule yake.

Baba alinitazama. Hakuniambia niandike, wala hakuniambia nisiandike. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kwa hilo. Angeniamuru, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

"Sawa," nikasema mimi.

Karani akachukua kalamu, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kukwama kwama, na Mzungu akachoka kungoja. "Kijana si mesoma? Taandika mwenyewe." Nikapewa kiti. Basi nikakaa, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mtu huyo hana udugu wowote nami wala na baba yangu, na kwamba alinipa jina lake kwa udanganyifu. Neno hilo la udanganyifu nilikuwa nimelijifunza darasani muhula uliotangulia, neno refu la Kiingereza, na nilifurahi kupata mahali pa kuliweka. Mzungu akasoma, akainua nyusi. "Kiingereza safi sana," akamwambia chifu. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha kusifiwa. Baba akatia dole gumba chini ya sahihi yangu. Hakuuliza nimeandika nini.

Jina lenyewe halikubadilishwa. Cheti kilichapwa Uingereza, na kukirekebisha kungechukua mwaka. Mzungu alisema libaki tu, kwa sababu sasa kila mtu amejua si la mtu wangu.

Siku moja kabla ya kusafiri, baba aliliona begi juu ya kitanda. "Toa huo uzi," akasema. "Njiani watauliza." Nikachukua wembe nikakaa mlangoni. Langu nililiacha, lake nikalifumua. Ilikuwa kazi, maana kila herufi ilishonwa mara mbili, na ilibidi nikate kijishono kimoja kimoja na kuvuta. Vipande vya uzi vikaanguka chini, kuku wakaja wakavidonoa wakidhani ni minyoo. Uzi ulitoka wote. Matundu ya sindano hayakutoka, turubai halijifumbi, na pale uzi ulipokuwa kijani kilikuwa bado kimekoza wakati kwingine kote kumepauka. Ukiinamisha kifuniko kwenye mwanga, jina lilisomeka lote.

Kampala nilisoma vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Wenzangu walikwenda dansi, mimi nilikaa maktaba. Huko ndiko nilikojifunza maana halisi za yale maneno ya barazani, mhadhiri ni nani, digirii ni nini, tasnifu ni nini, na kila nilipojifunza moja nilitaka kumwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa nimeandika kwamba simjui.

Nilirudi likizo ndefu ya mwaka wa tatu. Shambani hatukuwapo tena. Watu wetu walikuwa wamekusanywa kwenye kijiji kimoja upande wa Ruiru, nyumba zimebanana, moshi wa kila mtu unaingia kwa kila mtu. Baba alinipeleka pembeni, karibu na choo, mahali pasipo masikio.

"Wenzake wa lori moja wamerudi," akasema.

Nilijua ni nani. "Na yeye?"

Mtu alitolewa kizuizini ikiwa kwao kuna wa kumpokea, na chifu akubali. Baba alikuwa amekwenda kwa chifu kusema atampokea ndugu yake. Chifu akafungua jalada, akatoa karatasi yangu, akaiweka mezani. Imeandikwa hapa, alimwambia, na mtoto wako, tena kwa Kiingereza kizuri, na dole lako liko chini: mtu huyu hana ndugu kwenu. Sasa tumrudishe kwa nani?

"Uandike nyingine," baba akasema. "Useme ile ilikuwa uongo."

Kila kitu kilikuwa hapo, mbele yangu, na nilikielewa vizuri sana. Nikiandika nyingine, nimekiri kwamba nilipata ruhusa kwa uongo. Ruhusa ingefutwa, na nafasi ya chuo pamoja nayo. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili.

"Nikimaliza," nikamwambia.

Baba akarudi ndani. Hakunisihi. Nimemwaza sana yule mzee, jinsi alivyokuwa mtu wa maneno machache, na jinsi mimi niliyesoma nilivyoyatumia vibaya yale mengi. Nikarudi Kampala. Ile karatasi ya kwanza niliiandika nikiwa mtoto, mbele ya bunduki za mahomgadi, na nadhani ningeweza kusamehewa. Kosa hili la pili, la kukataa, nililifanya nikiwa mtu mzima, nimeshiba, mchana kweupe.

Mwisho wa miaka hiyo miwili nikavaa joho. Lilikuwa la kukodi, nililirudisha jioni ile ile. Niliangalia mshono wa begani kama nilivyoagizwa: kitambaa kimefinywa mikunjo midogo midogo, imebanana, kisha inaachia mgongo wote. Nikaishika kwa vidole ili niikumbuke. Nikapewa shahada, karatasi nzito iliyoandikwa kwa wino mweusi, hati za kujipinda kama mizabibu, majina yangu yote mawili katikati.

Nilipofika nyumbani nikaandika karatasi ya pili. Ilinichukua chini ya saa moja. Chifu aliipokea bila kuuliza kitu, maana mambo yalikuwa yameanza kubadilika na kila mtu alikuwa akijipanga upya. Baada ya miezi michache baba mdogo akatolewa.

Alifika kijijini mchana, kwa miguu, amevaa kaptura na blanketi. Nywele zilikuwa nyeupe. Mama alilia, baba akamshika mkono akakaa naye hivyo muda mrefu. Kisha nikauona ule mkono. Vidole viwili vya kulia havikukunja tena. Kimoja kilisimama upande kama kigingi. Alishika kikombe cha uji kwa viganja viwili. Fundi wa vidole hivyo hatashona tena hata kifungo, hilo halikuhitaji kuelezwa.

Alinisalimu vizuri. Akaniuliza afya, akaniuliza Kampala kuna joto ama baridi. Nikaona afadhali nimletee furaha aliyoingoja, nikaingia ndani haraka kuchukua shahada. Niliiweka ndani ya begi, ndimo ilimokaa siku zote. Nikaja na begi.

Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri.

Hakuitazama karatasi. Alivuta begi magotini, kwanza akakagua mishono ya pembeni, kazi yake ilivyodumu. Kisha akafika kwenye kifuniko. Akaligusa jina langu, uzi mwekundu umepauka lakini upo. Kile kidole kigumu kikaendelea mbele, kikaingia kwenye matundu. Akainamisha kifuniko kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Akapita tundu moja baada ya jingine, mpaka mwisho.

"Walituambia kambini," akasema. "Walisoma karatasi mbele ya watu. Nikasema hao ni waongo, wanataka nikiri tu. Nikabishana nao sana."

Nikamwambia, "Baba." Niliona haya ambayo hata leo nikiandika nayasikia usoni. Nikatoa shahada nikaikunjua mbele yake, maneno yakanitoka ovyo. Nikamweleza kwamba jina lake sikulitoa, liko humu, kwenye digirii yenyewe, lilibaki miaka yote, hili hapa. Nikamwekea kidole.

Akatazama nilipoonyesha. Akatazama matundu ya begi. Akarudi kwenye karatasi, akafuata zile hati za kujipinda kwa kidole chake, akalinganisha, kama alivyokuwa akilinganisha vipande viwili vya kitambaa. Jina alilolijua yeye lilikuwa la herufi kubwa zilizonyooka, lile nililomchorea kwa chaki. Hili halikufanana nalo popote.

"Hapa ni mimi?"

"Ni wewe. Naapa."

"Umesoma sana," akasema, bila ubaya wowote. "Hata ukiniambia hapa pameandikwa jina la gavana, mimi nitajuaje?"

Akanirudishia karatasi kwa viganja viwili, taratibu, asiikunje. Nilitaka kumweleza juu ya joho, mikunjo ya begani, jinsi nilivyoishika ili nimletee, lakini niliona vile vidole nikaacha. Nikatafuta kitu cha kusema ambacho mtu angeweza kukishika.

"Nitakufundisha kusoma," nikamwambia. "Tuanze kesho."

"Uliniambia," akajibu, akamgeukia mama akaomba uji kidogo tena.